Chai Baridi ya Mimea: Istilahi za Jikoni na Mtihani wa Mfasiri

Miongoni mwa maandishi ambayo wafasiri huyadharau ni maelezo ya mapishi. Muswada wa sheria humtisha mfasiri, ripoti ya fedha humkosesha usingizi, lakini karatasi moja inayoeleza namna ya kutayarisha kinywaji huiona kuwa kazi ya nusu saa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Maelezo ya mapishi ni mtihani mkali wa istilahi, kwa sababu msomaji wake hatosheki kuyaelewa tu, bali hana budi kuyatenda. Akiambiwa achemshe, atachemsha; akiambiwa aloweke, ataloweka. Ikiwa neno alilopewa halikuwa mahali pake, kosa halitabaki kitabuni. Litaonekana ndani ya birika, na pengine litafika tumboni.

Mfano tuliouchagua ni chai baridi inayotengenezwa nyumbani kwa mchaichai, tangawizi, mnanaa na choya. Maelezo ya kinywaji hiki yanaweza kumfikia kila mmoja wa wasomaji wetu: mwalimu wa sayansi kimu anayeandaa somo, ofisa wa afya anayeandika kijikaratasi cha ushauri, au mfasiri aliyekabidhiwa maandishi ya kubandikwa juu ya pakiti ya bidhaa. Tena ni mfano unaojibu lawama moja ya siku nyingi, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mambo ya aina hii. Tutaona kwamba maneno yapo, na mengine ni bora kuliko yale ya lugha tunazozifasiri. Kinachokosekana ni mipaka baina ya neno na neno.

Je, ni chai?

Neno chai kwa asili ni la Kichina, nalo lilisafiri kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi kabla ya kuzoewa katika pwani yetu. Katika Kiswahili limejitwika maana kadhaa. Kwanza ni majani ya mmea wa mchai yaliyokaushwa. Pili ni kinywaji kitokanacho na majani hayo. Tatu ni mlo wa asubuhi, kwani mtu husema amekunywa chai hata ikiwa alikunywa uji. Maana ya nne, ifahamikayo mno mbele ya meza za baadhi ya ofisi, haituhusu katika makala haya.

Swali letu ni kama kinywaji kisichokuwa na hata jani moja la mchai kinastahili jina hilo. Wapo wanaokataa. Hoja yao ina nguvu katika biashara, ambako viwango vya kimataifa huitambua chai kuwa ni zao la mmea mmoja tu, ambao jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Wafaransa nao wana neno la pekee, tisane, kwa kinywaji cha mimea mingine, na mfasiri wa Kiswahili afanyaye kazi kutoka Kifaransa, kama ilivyo Kongo au Burundi, hukutana na tofauti hiyo mara kwa mara. Lakini matumizi ya wasemaji wetu yamekwisha kuamua. Watu husema chai ya tangawizi na chai ya mchaichai bila kutatizika, wala hatuna sababu ya kuwavua neno lao. Kazi ya mwanaistilahi ni kuliwekea mpaka.

Mpaka wa kwanza ni huu. Chai, likiwa peke yake, libaki kuwa jina la kinywaji cha majani ya mchai. Kwa vinywaji vingine litajwe jina la mmea: chai ya mnanaa, chai ya choya, na kadhalika. Ama jina la jumla la kundi hili, yapo mapendekezo manne yanayostahili kupimwa.

Chai ya viungo haifai, kwa kuwa watu wengi wanaposema hivyo hukusudia chai halisi iliyotiwa hiliki, mdalasini au karafuu, mara nyingi pamoja na maziwa. Chai ya majani nayo haifai. Majani ya chai ni majani vilevile, na zaidi ya hayo tangawizi si jani bali ni shina lililo ardhini, na mdalasini ni gome. Chai ya mitishamba ndilo jina linaloelekea kushinda katika maandishi ya biashara, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Neno mitishamba katika Kiswahili limefungamana na tiba. Pakiti iliyoandikwa hivyo humwahidi mnunuzi dawa hata kama mwenye bidhaa hakukusudia, na humtatiza mtumishi wa serikali anayepaswa kuamua kama kitu kilicho mbele yake ni chakula au ni dawa. Linabaki pendekezo la nne, chai ya mimea. Jina hili linakusanya jani, shina, gome na ua, wala halitoi ahadi ya uponyaji. Hilo ndilo tutakalolitumia.

Mpaka wa pili unahusu kiunganishi kidogo sana. Katika nyumba nyingi mchaichai hutiwa ndani ya chai ya rangi ili kuinukisha. Katika nyumba nyingine huchemshwa peke yake. Vyote viwili huitwa chai ya mchaichai. Kwa mtu mwenye afya tofauti hiyo ni ya ladha tu, lakini kwa mgonjwa aliyeshauriwa kupunguza kafeini ni jambo kubwa, maana mchaichai hauna kafeini ilhali majani ya mchai yanayo. Kiswahili kinayo njia ya kuzitenga mbili hizi bila kubuni neno lolote. Tuseme chai ya mchaichai pale mchaichai unapotumika wenyewe, na chai yenye mchaichai pale unapoongezwa katika chai halisi. Herufi chache hizo zinaweza kumwokoa msomaji asidanganyike.

Majina ya mimea

Kanuni iliyozoeleka katika kazi ya istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo kuvuka mipaka. Katika majina ya mimea kanuni hii husahauliwa upesi. Mfasiri akutanapo na jina la Kiingereza la mchaichai, ambalo limeundwa kwa maneno mawili, hushawishika kuandika nyasi za limau. Msomaji wake atakwenda kung'oa majani chini ya mlimau. Ilhali mchaichai ni jina lenye maarifa ndani yake: lugha imelirudufu neno chai kama inavyorudufu maji ikapata majimaji, na chumvi ikapata chumvichumvi, ili kueleza kitu kinachofanana na kingine bila kuwa ndicho. Wasemaji waliouita mmea huo mchaichai walikwisha kulijibu swali letu la kwanza kabla yetu.

Choya ni mfano mwingine. Mmea huu wa jamii ya bamia una sehemu nyekundu, nene na chachu zinazolikumbatia tunda baada ya ua kudondoka. Sehemu hizo ndizo zikaushwazo na kutengenezewa kinywaji. Wengine huuita rozela, na wale waliozoea matumizi ya Kiarabu ya Misri na Sudani husema karkadi. Tunapendekeza choya liwe neno kuu, na mengine yatajwe pale tu msomaji anapoweza kutatizika. Lakini mfasiri aepuke kuandika petali za choya, kwa maana petali hunyauka na kuanguka, na kinachotumika ni kile kinachobaki.

Mrehani na kivumbasi navyo vitengwe. Ni ndugu wa jamii moja, lakini harufu zao si moja, wala matumizi yao si mamoja: mrehani hunukisha vyakula na mavazi, na kivumbasi hujulikana zaidi kwa kufukuza mbu. Kadhalika ndimu na limau. Ndimu ni dogo, la mviringo, lenye ganda jembamba. Limau ni kubwa zaidi na lina ncha. Katika kinywaji chetu lolote kati ya hayo hufaa, ila si kwa idadi ileile, na hapo ndipo tafsiri isiyo makini huharibu kipimo.

Kuchemsha, kutokosa na kuloweka

Tunafika kwenye kiini cha mjadala. Katika maelezo mengi ya vinywaji yaliyoandikwa kwa Kiswahili, kitenzi kuchemsha hubeba matendo matatu yaliyo mbalimbali: kuyafikisha maji kwenye chemko, kuacha mmea utokote ndani ya maji juu ya moto, na kumwagia mmea maji yaliyochemka kisha kusubiri. Matokeo yake msomaji hufanya tendo moja mahali pa mengine yote.

Tofauti baina ya matendo haya si ya maneno tu. Harufu ya mnanaa na ya mchaichai hukaa katika mafuta mepesi ambayo hupaa pamoja na mvuke. Mnanaa uliotokota robo saa ndani ya sufuria iliyo wazi hunukia jikoni kote, lakini hunukia kidogo tu ndani ya kikombe. Kinyume chake, kipande cha mdalasini au cha tangawizi kavu ni kigumu, na maji ya moto yakikipitia kwa dakika mbili hayatoki na kitu cha maana. Huhitaji moto wa kudumu. Ama majani ya mchai, yakikaa mno katika maji ya moto hutoa tanini nyingi, na kinywaji hupata ule ukakasi unaokausha ulimi. Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake namba 3103 kilichotolewa mwaka 1980 kuhusu namna ya kutayarisha chai ya kuonjwa na wakaguzi, halikuagiza majani yatokote. Liliagiza gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, na kusubiri dakika 6.

Hatusemi kwamba desturi yetu ya kuchemsha majani, maji na maziwa katika sufuria moja ni mbaya. Hiyo ni namna nyingine ya upishi, na Kiswahili kina neno lake sahihi, yaani kupika chai. Tunachosema ni kwamba kila tendo lipewe neno lake.

Kwa tendo la kuyafikisha maji kwenye chemko, kuchemsha kunatosha. Kwa tendo la kuacha sehemu ngumu za mmea zitoe utomvu na ladha juu ya moto, tunapendekeza kutokosa. Neno hili linafahamika, linatokana na kutokota, na linamwonyesha msomaji mapovu yenyewe. Kwa tendo la tatu tumepima maneno mawili. Kuvumbika lina mvuto wake, kwa kuwa linachanganya joto na kufunikwa. Lakini neno hilo lina makao yake katika ndizi zinazofukiwa ziive, viazi vinavyozikwa katika jivu la moto, na mbegu zinazopandwa kabla ya mvua. Majani yaliyomo ndani ya maji hayakuvumbikwa. Kuloweka ndilo linaloeleza kitu kukaa ndani ya maji hadi kulainika au kutoa kilichomo. Kasoro yake ni kwamba msikilizaji huwaza maji baridi, kama ya kulowekea maharage. Kasoro hiyo inaondolewa kwa kutaja maji: kuloweka kwa maji moto, na kuloweka kwa maji baridi. Istilahi ya maneno manne si aibu, mradi haimpotezi mtu.

Hali ya kinywaji kuwa kimeshiba ladha tayari ina jina zuri, kukolea. Chai hukolea kama rangi inavyokolea katika nguo. Wafasiri wanaoandika chai kali au chai nzito humwacha msomaji akijiuliza kama ni kali kwa tangawizi au nzito kwa maziwa.

Katika kuonja pia lugha yetu ni tajiri kuliko inavyotumiwa. Uchungu ni wa shubiri, uchachu ni wa choya na ndimu, ukali ni wa tangawizi, na ukakasi ni wa chai iliyokaa mno au ndizi mbichi. Mwalimu anayeyaita yote manne uchungu anawanyima wanafunzi wake vyombo vya kufikiria.

Baridi, barafu na usalama

Kunywa chai ikiwa baridi kwa makusudi si desturi iliyozoeleka katika sehemu zetu nyingi. Nchini Marekani maelezo ya kuitengeneza yalikwisha kuchapishwa katika kitabu cha upishi cha wanawake wa Virginia mwaka 1879, na kinywaji hicho kilizidi kupata sifa katika maonyesho makubwa ya mwaka 1904 mjini St. Louis. Kwetu sisi, mteja anayemwambia mhudumu kwamba chai ni baridi kwa kawaida analalamika. Basi je, chai baridi ni istilahi inayofaa?

Tunaona kwamba inafaa. Kiswahili kimekwisha kukubali vinywaji baridi kuwa jina la soda na wenzake, na hakuna anayedhani kwamba soda hizo zilikuwa za moto zikapoa. Kwa mfano huo, chai baridi ni ile inayokusudiwa kunywewa ikiwa baridi. Ile iliyokuwa ya moto ikasahauliwa mezani ni chai iliyopoa. Na ile iliyotiwa vipande vya barafu ndani ya bilauri ndiyo chai ya barafu. Chai baridi si lazima iwe na barafu, na jambo hili lina maana kwa nyumba zisizo na jokofu. Kitendo cha kuishusha joto ni kupoza. Kugandisha ni kuifanya maji yake kuwa barafu, na si hicho tunachokitaka.

Hapa istilahi inagusa uhai wa watu. Maelezo mengi humalizia kwa agizo la kuongeza barafu, bila kusema barafu ya maji gani. Ubaridi wa jokofu huvifanya vijidudu vingi visinzie, lakini hauviui. Barafu ikiyeyuka ndani ya bilauri, vijidudu huamka pamoja nayo. Kinywaji kilichotokoswa kwa uangalifu kinaweza kuharibiwa na vipande vitatu vya barafu iliyotokana na maji ya kisima yasiyochemshwa, na kipindupindu hakiulizi kama chai yenyewe ilichemka. Kwa hiyo maneno maji safi hayatoshi. Maji safi ni yale yasiyo na taka zinazoonekana; maji salama ni yale yasiyodhuru. Maji ya kisima yanaweza kuwa safi kama kioo yasiwe salama. Msemo wa kiserikali wa maji safi na salama hauna neno la ziada hata moja, na mfasiri asiufupishe.

Kuchemka nako kufafanuliwe. Maji yanayotoa mvuke bado hayajachemka, wala yale yenye mapovu madogo pembeni mwa sufuria. Yamechemka pale mapovu makubwa yanapopanda mfululizo kutoka chini, na yaachwe katika hali hiyo kwa dakika 1. Mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama Limuru nchini Kenya, maji huchemka kwa joto lililo chini ya nyuzi 100, kwa hiyo yaachwe dakika 3.

Vipimo

Kijiko cha chai ni istilahi iliyozoeleka ya kijiko kidogo, lakini katika maandishi yanayohusu chai huzaa sentensi za kuchekesha, kama vile kijiko kimoja cha chai cha chai. Tunapendekeza kijiko kidogo kwa kipimo cha mililita 5, na kijiko kikubwa kwa mililita 15. Vikombe vya nyumbani havilingani, hivyo kipimo cha maji kitajwe kwa lita. Kwa majani mabichi, hata hivyo, mizani haina haja. Lugha ina ukufi, yaani kiasi kinachokaa juu ya kiganja kilichofunguliwa, na konzi, kiasi kinachofumbatwa. Hivi ni vipimo anavyotembea navyo kila mpishi.

Maelezo yenyewe

Sasa tuyaweke maneno hayo kazini. Maelezo yafuatayo yanatosha bilauri sita hivi, na kinywaji kimekolezwa kwa makusudi, kwa sababu barafu ikiyeyuka hukizimua.

Vitu vinavyohitajiwa: maji salama lita 1, mchaichai mabua 4 pamoja na majani yake, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, choya kavu vijiko vikubwa 2, mnanaa mbichi ukufi 1, sukari vijiko vikubwa 4, au asali kwa kadiri ya mapenzi, ndimu 2, na vipande vya barafu iliyogandishwa kutokana na maji yaliyochemshwa.

Kwanza, osha vitu vyote. Tenga sehemu nyeupe za mabua ya mchaichai uziponde pamoja na tangawizi. Kuponda kunatosha, usitwange wala usisage, kwa maana unga hupita katika chujio na kukitia kinywaji tope. Majani ya mchaichai yakatekate vipande.

Pili, injika sufuria yenye maji. Itumike sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa uchachu wa choya hula alumini. Maji yakichemka, tia tangawizi na mabua yaliyopondwa, funika, na utokose kwa dakika 10 kwa moto mdogo.

Tatu, epua. Ndipo utie majani ya mchaichai, choya na mnanaa, ufunike tena, na uache viloweke kwa dakika 10. Kifuniko hiki si cha kuzuia vumbi tu, bali huirudisha ndani harufu ambayo ingepaa na mvuke.

Nne, chuja bila kukamua makapi. Kinywaji kingali moto, tia sukari ukoroge mpaka imumunyike yote. Ukingoja kipoe, sukari itakaa chini. Mwalimu wa sayansi azingatie kwamba hapa tumesema kumumunyika, si kuyeyuka. Barafu huyeyuka yenyewe kwa joto. Sukari humumunyika ndani ya maji.

Tano, poza. Kikishapoa kwa hewa, kitie jokofuni kikiwa kimefunikwa. Asiye na jokofu akitie ndani ya chupa, aizibe, aizungushie kitambaa kilicholowa, na kuiweka kivulini penye upepo. Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke huchukua joto la chupa, kwa njia ileile ambayo mtungi wa udongo, unaotoa jasho, hupoza maji yaliyomo.

Sita, kamua ndimu ndani ya kinywaji wakati wa kuandaa. Wekundu wa choya utang'aa zaidi kwa sababu ya uchachu wa ndimu. Tia barafu nusu ya bilauri, mimina, na juu yake weka jani la mnanaa. Kilichobaki kikae jokofuni siku mbili tu. Pasipo na jokofu, kinywewe siku ileile.

Istilahi zinazopendekezwa

Haya ni mapendekezo ya mwandishi kwa ajili ya kujadiliwa, wala si maamuzi ya Baraza.

Chai ya mimea: kinywaji kitokanacho na sehemu za mmea wowote usiokuwa mchai.
Chai yenye (mchaichai, tangawizi n.k.): chai ya mchai iliyoongezwa mmea mwingine.
Chai baridi: chai inayokusudiwa kunywewa ikiwa baridi.
Chai ya barafu: chai baridi iliyotiwa vipande vya barafu.
Chai iliyopoa: chai ya moto iliyopoteza joto lake.
Kuchemsha: kuyafikisha maji kwenye chemko.
Kutokosa: kuacha sehemu za mmea zitokote ndani ya maji juu ya moto ili zitoe ladha.
Kuloweka kwa maji moto: kuacha sehemu za mmea ndani ya maji yaliyochemka na kuepuliwa.
Kuloweka kwa maji baridi: kufanya hivyo kwa maji yasiyotiwa moto. Maji hayo sharti yawe salama.
Kukolea: kushiba ladha, rangi au harufu.
Kumumunyika: kitu kugawanyika ndani ya kimiminika hadi kisionekane.
Ukakasi: ladha inayokausha na kukaza ulimi.
Maji salama: maji yasiyodhuru anayeyanywa.

Hitimisho

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja lililobuniwa, wala lililokopwa upya. Yote yalikuwa mikononi mwa wasemaji, kila moja likifanya kazi yake mahali fulani: jikoni, shambani, kisimani au darasani. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, sehemu kubwa ya juhudi za istilahi imeelekezwa, kwa haki kabisa, kwenye sheria, utawala na sayansi. Nyanja hizo zilihitaji maneno mapya. Jikoni panahitaji kitu kingine, nacho ni mfasiri anayeuliza kwanza tendo lenyewe ni lipi, ndipo atafute neno.

Wafasiri, walimu na watumishi wanaoandika maelezo ya aina hii wanaombwa kuyajaribu mapendekezo haya kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: wampe mtu mwingine karatasi, wamwache peke yake na sufuria, kisha waonje. Pale atakapokosea kwa kulifuata neno kama lilivyo, neno hilo ndilo la kurekebishwa. Wenye maneno yaliyo bora kutoka lahaja na sehemu zao wayalete, hasa kwa tendo la kuloweka kwa maji moto, ambalo bado linastahili kupata neno moja.